Mtoto Robo Tatu

Ilikuwako, na kwa kuwa haijafutwa rasmi basi ingaliko, nchi iitwayo Mbioni. Wageni hudhani jina hilo limetokana na wakimbiaji. Sivyo. Limetokana na serikali yake, ambayo kila ikiulizwa habari za daraja, kisima au dawa, hujibu kwa upole kwamba iko mbioni kulishughulikia jambo hilo. Ni serikali yenye pumzi, maana imekuwa mbioni kwa miaka hamsini na hakuna aliyewahi kuiona ikihema.

Mwaka ninaousimulia, Waziri wa Elimu wa Mbioni, Mheshimiwa Dokta Fanuel Mwambakila, alialikwa mkutanoni ng'ambo, katika nchi ya baridi. Alikaa huko siku kumi na mbili. Siku ya kwanza alisikiliza mada, na siku kumi na moja zilizobaki akaitafakari mada hiyo madukani. Aliporudi aliwaita waandishi wa habari uwanja wa ndege, akasimama mbele ya masanduku yake, akawatangazia jambo ambalo lilikuwa halijulikani nchini: kwamba mtoto ana zaidi ya kichwa.

Watu walishtuka. Tangu wizara iundwe ilikuwa inakijua kichwa peke yake. Kichwa ndicho kilichofundishwa, kichwa ndicho kilichotahiniwa, na kikishindwa, habari za kushindwa huko zilipelekwa sehemu za chini za mtoto kwa fimbo. Sasa Waziri anasema kuna tumbo, kuna moyo, kuna mikono na miguu, na kwamba vyote hivyo huja shuleni pamoja asubuhi.

"Kuanzia leo," alisema, "Mbioni itamwelimisha mtoto mzima."

Bungeni hoja ilipita, ingawa kwa tabu. Mbunge mmoja mkongwe alitaka kujua kama mtoto akishakuwa mzima ataruhusiwa kupiga kura, na kama ndivyo, atampigia nani. Alihakikishiwa kwamba uzima unaosemwa si ule wa watu wazima, akaridhika, akarudi kulala.

Wataalamu walishauri kwamba ili mtoto awe mzima, kwanza agawanywe. Zikaundwa kurugenzi nne: ya Kichwa, ya Tumbo, ya Moyo, na ya Mikono na Miguu. Kila moja ilipewa jengo, mkurugenzi, na gari la kupandia milima, hata zile zilizohudumia tambarare. Shingo ilileta mgogoro. Kichwa kilidai shingo ni shina lake. Tumbo likajibu kwamba shingo ni njia ya chakula. Ikaundwa Tume ya Shingo, na ukatoka waraka kwamba mpaka tume imalize kazi, mwalimu asishike, asitibu wala asizungumzie shingo ya mwanafunzi yeyote, pamoja na viungo vinavyopakana nayo.

Waraka huo ulifika Shule ya Msingi Tuinuke wiki ileile aliyofika Mwalimu Stamili Kondo.

* * *

Mwalimu Stamili alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti iliyokwaruzwa na vumbi la chaki. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa, akahamishwa mara sita, na kila alikokwenda aliacha sifa ya kuuliza maswali baada ya kikao kufungwa. Mwalimu mkuu, Bwana Gerevazi Tindwa, alimkabidhi darasa la tatu lenye watoto themanini na watatu, akamwonya kuhusu mmoja.

Aliyeonywa habari zake alikuwa msichana wa miaka tisa, Siwema Chande, aliyekaa dawati la mwisho kabisa. Ripoti zake zilikuwa fupi. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika: hasikii. Wa darasa la pili aliandika: hasikii kabisa. Mwalimu aliyemtangulia Stamili darasa la tatu alikuwa na ufasaha zaidi: haambiliki, ni jeuri wa kimyakimya. Kwa adhabu ya ujeuri huo Siwema alikuwa amemwagilia maua ya mwalimu mkuu muda mrefu hivi kwamba Tuinuke ilipata zawadi ya bustani bora ya wilaya.

Stamili alimwangalia wiki mbili. Mtoto hakuwa na dalili za ujeuri. Alikuwa na tabia moja tu ya ajabu: mtu akizungumza, alimkazia macho usoni bila kupepesa, na walimu wengine walisema huko ndiko kumdharau mkubwa. Ilitokea siku ya imla kwamba Stamili alikuwa na mafua, akasoma sentensi tatu za mwisho huku ameziba mdomo kwa kitabu asiwaambukize watoto. Alipokusanya madaftari, daftari la Siwema lilikuwa na sentensi ya kwanza na ya pili, zile alizosoma kabla ya kupiga chafya. Zilikuwa hazina kosa. Kuanzia pale kitabu kilipopanda mdomoni, ukurasa ulikuwa mweupe.

Mwalimu akasimama nyuma yake akamwita jina. Mtoto hakugeuka. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Darasa zima likageuka, isipokuwa mwenye jina. Miaka mitatu watu wazima waliosomea ualimu walikuwa wameandika ugonjwa wa mtoto huyu kwa wino, kwa neno lake halisi, na hakuna aliyesoma alichokiandika.

Jioni ile alikwenda kwa mama yake. Bi Mwanahawa Chande alikuwa mfinyanzi, na alimkuta amekaa chini, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Stamili alimweleza taratibu. Yule mama aliendelea kuzungusha chungu mpaka kikapinda upande mmoja, na hakukinyoosha.

"Nami nimemchapa, Mwalimu," alisema mwishowe. "Ananipa mgongo, namwita, haitikii. Nikasema mtoto huyu ana kiburi cha baba yake."

Stamili alikaa naye mpaka udongo ukamkaukia mama mikononi.

* * *

Kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu, Mwalimu Stamili alianza na barua. Aliomba kibali cha kumpeleka mwanafunzi zahanati, akapimwe masikio. Kwa mujibu wa waraka, mwalimu wa darasa alikuwa chini ya Kurugenzi ya Kichwa, tena kichwa upande wa ndani tu.

Kurugenzi ya Kichwa ilijibu kwamba sikio ni lake, lakini kutosikia ni suala la nidhamu, hivyo ni la Moyo. Kurugenzi ya Moyo ilijibu kwamba imefurahishwa na moyo wa mwalimu, ila moyo hauna masikio. Barua ya tatu ilitoka Tume ya Shingo. Ilisema kwamba sikio linapakana na shingo kwa upande wa kusini, na kwa hiyo lolote lisifanyike mpaka mipaka ihakikiwe. Zote tatu zilimalizia kwa maneno yaleyale: kilio chako tumekisikia.

Kabla hajaandika ya nne, maafisa wenyewe walifika. Yalikuja magari manne kwa siku moja, kwa sababu kurugenzi hazikuwa na desturi ya kuulizana. Afisa wa Kichwa alihesabu vichwa, akaridhika. Afisa wa Mikono na Miguu alitaka kuwaona watoto wakikimbia, lakini uwanja wa kukimbilia ulikuwa umejaa magari manne, akaandika kwamba watoto hawa hawana mwamko wa michezo. Afisa wa Tumbo alikuja na sufuria ya uji. Kila mtoto alikabidhiwa kikombe, akapigwa picha akitabasamu, akapokonywa kikombe akapewa anayefuata. Uji ule uliwapitia watoto mia nne na kumi na wawili, ukarudi garini ukiwa mzima.

Afisa wa Moyo alikuwa kijana mpole mwenye dodoso la swali moja: je, una furaha? Majibu yalikuwa mawili ya kuchagua, ndiyo na ndiyo sana. Alimpitia kila mtoto akiwa ameinamia karatasi zake. Alipofika kwa Siwema aliuliza akiwa ameinama vilevile, na mtoto, asiyeweza kuona mdomo, akanyamaza. Aliuliza mara tatu, kama kanuni inavyotaka, kisha kwenye nafasi ya moyo akaandika: haupo.

Stamili alijaribu kumweleza. Afisa alimsikiliza kwa heshima zote, akasema hilo la masikio linamhuzunisha sana, lakini dodoso lake halina nafasi ya huzuni.

Mchana maafisa wakajumlisha. Siwema alionekana kuwa na kichwa, tumbo, mikono na miguu, ila moyo hana. Akaandikishwa kuwa robo tatu. Kwa hesabu hiyo Shule ya Msingi Tuinuke ilikuwa na watoto mia nne kumi na mmoja na robo tatu, na kwenye safu ya mapendekezo wakaandika kwamba mtoto huyo arudishwe kwa watengenezaji wake wakamalizie.

Habari hiyo ilimwangukia vibaya Bwana Gerevazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, akataka kuimaliza bila kujulikana na mtu yeyote wa juu. Sasa kumbe Waziri alikuwa ameichagua Tuinuke, kwa sababu ya bustani yake, iwe ya kwanza nchini kupewa Cheti cha Shule ya Watoto Wazima. Sherehe ilikuwa baada ya wiki tatu, na shule ilikuwa na mtoto anayepungua robo.

* * *

Siku iliyofuata Mwalimu Stamili alimchukua Siwema na mama yake, wakaenda zahanati bila kibali. Miaka kumi na tisa ya kazi, na hajawahi kuvunja waraka kwa makusudi. Walimkuta muuguzi, Sista Leokadia, mama mnene asiye na haraka. Stamili alianza kueleza habari za fomu, za kurugenzi na za mipaka ya shingo.

"Fomu ya sikio hatuna hapa," alisema Sista Leokadia. "Tuna maji ya uvuguvugu."

Sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta ngumu, na nyuma ya nta kulikuwa na ushanga mwekundu ambao Siwema aliuingiza akiwa na miaka mitano, akaogopa kusema, kisha akausahau. Ulipotoka mtoto aliruka, akajishika kichwa, akatazama huku na huku. Akauliza ni kitu gani kinacholia. Ilikuwa saa ya ukutani.

La kushoto lilikuwa na habari nyingine. Lilikuwa limetoka usaha tangu utotoni na kiwambo chake kimetoboka. Sista alilisafisha, akatoa dawa ya matone, akasema ukweli bila kuuzungusha: hilo huenda lisisikie tena, na hata la kulia litahitaji kuelekezwa kwa msemaji. Kwa hiyo akae dawati la mbele, upande ambao sikio zima litamwelekea mwalimu. Hiyo ndiyo tiba iliyobaki, na haina foleni.

Stamili alimhamisha dawati asubuhi iliyofuata. Siku nne baadaye Siwema alinyoosha mkono kujibu swali kwa mara ya kwanza tangu aandikishwe, na jibu lake lilikuwa kosa, na mwalimu wake alifurahi hata akashindwa kulisahihisha.

Akaenda kwa mwalimu mkuu kumwomba aandike kwamba mtoto amekamilika. Bwana Gerevazi alifungua mwongozo. Upimaji hurudiwa kila baada ya miaka mitatu. Mpaka hapo robo tatu ni robo tatu. Akafunga mwongozo, akatazama maua yake dirishani, akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ya Waziri ingefaa mtoto yule augue.

"Ndiyo kwanza amepona, Mwalimu Mkuu," alisema Stamili.

Bwana Gerevazi alimsihi. Akamkumbusha kwamba na yeye, Stamili, ana barua tatu za wizara jaladani, na waraka alioukanyaga. Stamili alimwambia kwamba ameelewa. Hakumwambia kwamba atatii.

* * *

Siku ya sherehe Siwema alikaa mstari wa kwanza, sare imefuliwa na kunyooshwa, sikio la kulia limeelekea jukwaani. Bwana Gerevazi hakumtambua. Kwa miaka mitatu alikuwa amemwona kwa nyuma tu, ameinamia maua.

Waziri alifika akiwa amechelewa saa tatu, kama itifaki inavyotaka. Wazazi walikuwa wamejaa hadi kwenye ua wa michongoma. Mheshimiwa alisimama mbele ya kipaza sauti, akasema itifaki imezingatiwa, na hapo kipaza sauti kikakoroma kikafa. Fundi akakipiga kofi, hakikuamka. Waziri, ambaye hakuwahi kukatishwa hotuba na jambo lolote, aliendelea. Mdomo ulicheza, mikono ikakata hewa, na sauti haikufika mstari wa pili.

Mtoto aliyekaa nyuma ya Siwema alimgusa bega akamuuliza babu yule anasemaje. Siwema alimjibu. Wa nyuma yao wakauliza pia. Mara mistari mitano ikawa inasikia, na wazazi uani wakaanza kulalamika kwamba wao je. Bwana Gerevazi, akitafuta namna yoyote ya kuokoa siku, alimwona mtoto mwenye sauti safi anayerudia hotuba neno kwa neno, akashukuru Mungu, akamnyanyua kwa mikono yake mwenyewe akamsimamisha juu ya kiti.

Stamili alinyanyuka nusu, kisha akakaa.

"Mtoto mzima ndiye taifa zima," alitangaza Siwema, macho kwenye mdomo wa Waziri. "Tumsikilize mtoto. Tusikie anachosema na asichosema."

Watu walipiga makofi. Waziri aliona ujumbe unafika, akapendezwa, akatua kidogo kunywa maji. Akamwinamia katibu wake. Siwema alikuwa amekabidhiwa kazi ya kusema yanayotoka katika mdomo ule, na hakuna aliyemweleza kwamba midomo ya viongozi ina milango miwili.

"Hii shule ndiyo ipi?" alitangaza, kwa sauti ileile safi. Akahamishia macho kwa katibu. "Ile ya uji wa picha, Mheshimiwa." Akarudi kwa Waziri. "Mwaka jana tuliwaahidi nini hawa?" Kwa katibu. "Kisima." Kwa Waziri. "Basi nitawaahidi tena, hawakumbuki. Na chakula changu kiko wapi? Nisije nikalishwa uji wao."

Kisha Bi Mwanahawa, mama yake Siwema, akaanza kucheka, na kicheko kikapanda ua, kikashuka kwa watoto, kikarudi. Waziri, ambaye hakuwa na desturi ya kumsikiliza mtoto, alidhani wanacheka ule msemo wake wa taifa zima, naye akacheka, akawapungia mkono. Walipozidi, akamgeukia tena katibu.

"Wanacheka nini?" alitangaza Siwema. "Huyo mtoto, Mheshimiwa. Anasoma midomo."

Wakati huo Waziri aliziba mdomo kwa hotuba yake, kurasa zote kumi na nne.

* * *

Wizara ilikaa kikao siku mbili. Hakuna aliyekana maneno yale, kwa kuwa yalisikiwa na kata nzima. Kilichosumbua kilikuwa hesabu. Iweje robo tatu ya mtoto isikie kile ambacho watu kamili mia saba hawakusikia? Wataalamu walikokotoa upya, wakaona kulikuwa na makosa ya uchapaji, na kwamba mwanafunzi Siwema Chande ni mtoto mmoja na robo. Shule ya Tuinuke ikapewa cheti chake, chenye ushee. Robo iliyozidi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, nayo serikali iko mbioni kuja kuichukua.

Kisima kilichimbwa. Ahadi za Mbioni kwa kawaida hutolewa ili zisahauliwe na pande zote mbili, lakini hii ilikuwa imetangazwa na mtoto akiwa amesimama juu ya kiti, na kila gari la wizara lilipopita njia ile wanawake walilisimamisha wakaliuliza. Wenyeji husema ndicho kisima pekee nchini kilichochimbwa kwa aibu. Wizarani ikaongezwa kurugenzi ya tano, ya Mdomo, ambayo huwafundisha viongozi kunong'ona bila kutikisa midomo. Ndiyo maana leo ukiwatazama waheshimiwa wa Mbioni kwenye picha, wote wanafanana na watu waliopooza.

Bwana Gerevazi hakuadhibiwa, kwa sababu alikuwa na cheti. Alichofanya ni kupita madarasa yote saba akiwa na ripoti kwapani, anasimama nyuma ya kila mtoto aliyeandikwa kwamba hasikii, anaita jina lake. Alipata wengine watano. Aliwapeleka kwa Sista Leokadia mwenyewe, kwa miguu, na bustani ikanyauka bila yeye kuuliza ni nani wa kuimwagilia.

Mwalimu Stamili alipata barua ya uhamisho wa saba, kwa manufaa ya umma, kwenda shule ambayo barabara yake ilikuwa haijaanza kuahidiwa. Aliandika kuuliza ni umma upi huo unaonufaika, na hakujibiwa. Alilia kidogo, akiwa anafungasha, akanawa uso.

Asubuhi ya kuondoka Bi Mwanahawa alimletea chungu kipya cha maji, akakifunga kwa kanga ili kisivunjike, akamshika mikono miwili. Siwema alikaa kwenye sanduku la mwalimu wakisubiri lori. Stamili akamuuliza, kwa upande wa sikio la kulia, kama ameshazoea kusikia.

Mtoto alifikiri. Alisema dunia ina makelele kuliko alivyotarajia. Kuku wanagombana siku nzima. Bati hupiga mlio jua likizidi. Mwalimu mkuu huimba akiwa chooni. Halafu akasogea karibu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa siri.

"Mama huongea peke yake akiinama kufinyanga," alisema. "Kumbe siku zote huongea. Mimi nilidhani anatafuna."

Mwalimu akamuuliza huwa anasema nini.

"Ananitaja," alisema Siwema.